Mpishi Ndiye Mwalimu wa Fundi: Mafunzo ya Majiko ya Vidonge ya Gisenyi

Chombo kipya kiingiapo nyumbani hupata mtihani wake wa kweli mikononi mwa mpishi. Fundi aliyekibuni hupima joto na moshi. Mama wa nyumbani hutazama kama sufuria imetulia, kama maharagwe yataiva kabla watoto hawajarudi kutoka shule, na kama fedha iliyobaki yatosha hadi mwisho wa mwezi. Jambo hilo lilidhihirika katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako kampuni moja ilijitahidi kwa miaka kadhaa kuondoa kuni na mkaa katika majiko ya wananchi. Yaliyoipata kampuni hiyo yafaa kujulikana na kila familia inayofikiria kununua chombo cha kisasa.

MOSHI NI ADUI WA NYUMBA

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu itokanayo na mapishi ya nyumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Waumiao zaidi ni akina mama na watoto wadogo, kwa kuwa wao ndio wakaao karibu na moto kwa muda mrefu.

Watu wengi hudhani kwamba mkaa ni salama kwa sababu hauonekani kufuka moshi. Hayo ni makosa. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mtu aingizaye jiko la mkaa chumbani ili aote moto usiku wa baridi, kisha akafunga mlango na madirisha, huhatarisha maisha yake na ya wanawe.

MPANGO WA INYENYERI

Kampuni hiyo iliitwa Inyenyeri, neno la Kinyarwanda lenye maana ya nyota. Mwanzilishi wake alikuwa Mmarekani Eric Reynolds, ambaye zamani alishiriki kuanzisha kampuni ya Marmot itengenezayo mavazi na vifaa vya wapanda milima. Kiwanda cha Inyenyeri mjini Gisenyi kilisaga matawi na mabaki ya mbao, kisha kikayashindilia yakawa vidonge vidogo vigumu. Vidonge hivyo viliunguzwa katika jiko maalumu lenye feni ndogo iendeshwayo kwa betri. Feni hupuliza hewa ndani ya jiko, na moshi wenyewe huungua kabla haujatoka nje. Uchunguzi wa wataalamu uliofanywa katika nyumba za Rwanda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa usafi wa majiko hayo ulikaribia ule wa majiko ya gesi.

Biashara yenyewe ilipangwa kwa busara. Jiko zuri lina bei kubwa, na familia nyingi haziwezi kulilipia kwa mara moja. Lakini familia nyingi za mjini hununua mkaa, iwe kwa gunia au kwa kopo. Kwa hiyo kampuni iliuza vidonge kwa mkataba wa kila mwezi, na mteja akapewa jiko la kutumia. Wanavijiji wasiokuwa na fedha taslimu walikusanya vijiti na matawi, wakayabadilisha kwa vidonge.

YALIYOFUNDISHWA NA WATEJA

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kampuni ilijaribu aina mbalimbali za majiko, yakiwamo ya Philips, kabla ya kuchagua jiko la Kiholanzi lenye jina la Kiswahili, Mimi Moto. Iliona pia kuwa kumkabidhi mteja jiko na kuondoka hakutoshi. Ilibidi mtumishi afike nyumbani kufundisha namna ya kuwasha, vidonge vipelekwe hadi mlangoni, na jiko likiharibika mtu aje kulitengeneza.

Hata hivyo, familia nyingi zilizopata jiko jipya hazikulitupa la zamani. Mgeni angeweza kufikiri kwamba huo ni ukaidi, lakini sababu ilikuwa katika chakula chenyewe. Jiko la vidonge hujazwa kabla ya kuwashwa. Vidonge vikiisha, hapana budi kumwaga majivu, kujaza tena na kuwasha upya. Kwa chai au mchuzi hilo si taabu. Kwa maharagwe makavu yanayochemka saa mbili au tatu, ni usumbufu wa kweli, na mama aliyazoea makaa ambayo huongezwa kidogo kidogo huku akifanya kazi nyingine. Tena jikoni huhitajika mara nyingi mioto miwili, mmoja wa ugali na mwingine wa mboga.

Jambo jingine ni malipo. Askari apokeaye mshahara kila mwisho wa mwezi aweza kulipa mkataba wa mwezi mzima bila shida. Mchuuzi apataye riziki yake siku kwa siku hununua mkaa wa siku hiyo tu. Kwake bei nafuu ya mwezi si nafuu, maana fedha ya mwezi haijawahi kukaa mkononi mwake kwa pamoja.

NYOTA ILIPOZIMIKA

Mwaka 2020 Inyenyeri ilisimamisha kazi zake kabla haijapata wateja wa kutosha kujitegemea. Hasara haikuwa ya wenye kampuni peke yao. Jiko lililotengenezwa kwa ajili ya vidonge halina kazi vidonge visipopatikana, na familia zilizokwisha kuonja jiko lisilo na moshi zililazimika kutafuta nishati nyingine.

Tofauti yaonekana tukitazama jiko la mkaa lenye udongo ndani lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Wabunifu wake walitoa wazo kutoka jiko la Thailand, kisha wakalirekebisha kufuatana na mapishi ya wenyeji, likawa pana juu na chini na jembamba kiunoni. Lilitengenezwa na mafundi wa jua kali, likatumia mkaa uuzwao kila mahali, na lilipovunjika lilipata fundi jirani. Usafi wake haufikii ule wa jiko la vidonge, lakini halikumfunga mteja kwa muuzaji mmoja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Familia itakayoletewa jiko jipya, la gesi, la umeme au la vidonge, ifanye hesabu kwanza. Je, nishati yake yapatikana kwa wauzaji wangapi? Yaweza kununuliwa kidogo kidogo? Nani atalitengeneza, na vipuri viko wapi? Litahimili sufuria kubwa na msukumo wa mwiko wakati wa kusonga ugali? Askari akihamishiwa kituo kingine, jiko litamfaa huko? Kampuni ikifungwa, je, chombo kitaendelea kufanya kazi?

Yafaa pia mume asinunue jiko bila kumwuliza mkewe, maana ndiye, katika nyumba nyingi, atakayepika nalo asubuhi na jioni. Na muuzaji naye, kabla ya kusifu chombo chake, akae jikoni kwa mteja hadi maharagwe yaive.