Barua ya Mwalimu na Siku 45

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakashangaa kulikuta hapa, nalo ni mashauri ya walimu wa serikali: nani humhukumu mwalimu akikosa, na mwalimu akidhulumiwa huenda wapi. Hatukulitafuta jambo hili. Lilitujia lenyewe mlangoni mwa madrasa, baada ya sala ya Alasiri, siku ya mvua kama zilivyo siku nyingi hapa kwetu Tukuyu.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, khanga yake imelowa. Akasema, "Maalim, nakuja uniombee dua. Mkwe wangu kafukuzwa kazi, na binti yangu ana mtoto mchanga." Tukamjibu, "Mama, dua tutaomba, inshallah. Lakini barua ya kufukuzwa iko wapi?" Akasema barua anayo mwenyewe mkwewe, ameikunja mfukoni wala hataki kuitazama. Tukamwomba amlete yeye pamoja na barua yake.

Kijana yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa mwingine, nasi hatutaitaja shule wala wilaya, kwani kusudi letu si kumfedhehesha mtu. Mkewe alikuja kujifungulia kwa mamaye huku Rungwe, na uzazi ukawa mzito. Mume alipopigiwa simu usiku, asubuhi yake alimwendea mwalimu mkuu wake akamweleza, akaambiwa, "Nenda, Mungu akusaidie." Akapanda gari akaja, akakaa siku tisa. Aliporudi akakuta ameandikwa mtoro. Mwalimu mkuu, alipoulizwa na wakubwa wake, hakukumbuka kuwa alitoa ruhusa, au aliogopa kukumbuka. Hilo twamwachia yeye na Mola wake. Kijana akapewa hati ya mashtaka. Kwa hasira hakuijibu. Kamati ya kuchunguza ikakaa siku ambayo yeye, kwa maneno yake, hakuarifiwa, na mwisho ikaja barua ya kumfukuza. Akafunga godoro lake akarudi kwa wakwe.

Hapo twataka msomaji atazame vizuri, maana makosa yako pande mbili. Ofisi ilikosa kumwita mtu asikilizwe. Na kijana naye alikosa mara mbili: aliondoka kwa ruhusa ya mdomo, ilhali kanuni za utumishi zahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kuwa kosa la kufukuzisha kazi, kisha akaona kunyamaza ni ushujaa. Mashtaka yasiyojibiwa hayasomeki kama ushujaa. Husomeka kama kukiri.

Tukamwuliza barua ile aliipokea lini. Akahesabu kwa vidole, na kumbe zilikwisha pita siku 31. Sisi elimu yetu ni ya chuoni na ya darasa la saba, lakini jambo moja tulilijua kwa kukaa karibu na walimu: rufaa ya mwalimu ina siku zake, nazo ni 45. Basi zilibaki 14. Tukamwambia, "Mwanangu, dua tutaiomba usiku. Sasa hivi inuka twende."

Kabla ya kusema tulikwenda wapi, yafaa tueleze kidogo mambo haya yalikotoka, maana vijana wetu huyaona kama yamekuwapo tangu dunia ilipoumbwa. Wamoraviani walifika mlima Rungwe mwaka 1891 wakafungua shule, na kwa miaka mingi elimu ya nchi hii iligawanyika: misheni ina walimu wake, serikali ya kikoloni ina wake, na serikali za wenyeji zina wao, kila mwajiri na masharti yake. Baada ya uhuru, mwaka 1962, ikatungwa sheria ya kuwaweka walimu chini ya utumishi mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa serikali, na kwa ajili hiyo mtoto wa Kiislamu akaweza kukaa dawati moja na mtoto wa mchungaji bila ya kuulizwa dini yake. Mwaka 1989 ikaundwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwaka 2002 Sheria ya Utumishi wa Umma ikaiondoa, na kazi zake zikawa za idara tu chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Kisha Bunge likatunga Sheria Namba 25 ya mwaka 2015 kuirudisha Tume ya walimu peke yao, nayo ikaanza kazi mwaka 2016. Makao yake yako Dodoma, na katika wilaya ina ofisi na kamati zake.

Kwa nini walimu wawe na chombo chao? Atakayeuliza hivyo na akumbuke yaliyotokea Bukoba mwezi wa Februari 2009. Mkuu wa wilaya wa wakati huo, aliyekasirishwa na matokeo mabaya ya mitihani na uchelewaji wa walimu, alikwenda shuleni na askari polisi akaamuru walimu wachapwe viboko. Walichapwa walimu 19 wa shule za msingi, watu wazima, wana watoto. Habari zile zilivuka mipaka ya nchi, na Rais Kikwete akamwondoa mkuu yule madarakani. Huenda wamo miongoni mwa walimu wale waliokuwa wachelewaji kweli. Lakini mchelewaji ana mahali pa kushtakiwa, ana haki ya kujibu, na ana adhabu zilizoandikwa, na fimbo haimo. Na tujiulize sisi wazazi: mwalimu aliyechapwa Jumatano atasimama vipi mbele ya darasa Alhamisi?

Sasa turudi kwenye safari yetu. Watu wa stendi, ambao katika kila mji ni mawakili wasiosomea, walikwisha mshauri kijana akimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayosikiliza migogoro ya kazi. Ushauri huo ungemmalizia siku zake. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mtumishi wa umma hutakiwa kwanza amalize ngazi zote za utumishi wake kabla ya kushika njia ya sheria za kazi. Na ngazi za mwalimu ni hizi: makosa madogo huyaamua mkuu wa shule yake, makubwa huenda kwa kamati ya Tume katika wilaya, asiyeridhika na wilaya hukata rufaa kwa Tume yenyewe Dodoma, na asiyeridhika na Tume humwendea Rais. Arukaye ngazi huambiwa arudi chini, na siku hazimngoji.

Wengine huchanganya pia jambo la fedha. Cheo na nidhamu ni mambo ya Tume, lakini nauli ya likizo, posho ya uhamisho na malimbikizo ya mshahara ni deni la mwajiri, yaani mkurugenzi wa halmashauri. Hapa kwetu halmashauri ni mbili, ya Rungwe na ya Busokelo iliyo na makao yake Lwangwa, basi mwalimu wa Kandete asije akapoteza nauli kufuata deni lake Tukuyu. Ama madai ya walimu wote kwa jumla, hayo ni ya chama chao. Chama cha Walimu kiliandikishwa mwaka 1993, na mwezi wa Julai 2012 kilipoitisha mgomo wa kudai, pamoja na mengine, mishahara iongezwe kwa asilimia 100, siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru walimu warudi kazini.

Tulimpeleka kijana kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, Mmoraviani, ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukiombana naye radhi kwa kelele za kengele yao na adhana yetu. Mzee akavaa miwani, akaisoma barua mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: "Ushahidi wako ni upi?" Kijana akaanza kueleza jinsi alivyoonewa. Mzee akamkatiza, "Hapana, mwalimu. Hayo ni machungu. Nauliza ushahidi."

Ndipo nyumba nzima ikaanza kutafuta. Kadi ya kliniki ya mke ilipatikana, ina tarehe ya kulazwa na ya kutoka. Tikiti ya gari ilipatikana ndani ya mfuko wa koti. Na katika simu ya kijana ukaonekana ujumbe aliompelekea mwalimu mkuu siku ya tatu, kumwarifu kuwa mama bado amelazwa, na jibu la maneno mawili: "Pole sana." Maneno mawili hayo, ndugu wasomaji, yalikuwa na uzito kuliko kurasa nne za malalamiko alizokuwa ameandika kijana kwa hasira, ambazo mzee alizitia jikoni mbele ya macho yetu.

Sisi tunaosomesha Qur'ani tulikumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu kile haikuteremka juu ya sala wala saumu, bali juu ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Watoto wetu huihifadhi kwa taabu kwa ajili ya urefu wake. Lakini ni nyumba ngapi za Waislamu zenye sanduku la karatasi? Mwaka 2017, serikali ilipotangaza watumishi 9,932 kuwa wana vyeti vya kughushi, waliodai kuonewa walifunguliwa mlango wa rufaa. Na mlango wa namna hiyo mtu hauingii kwa kuapa, huingia kwa karatasi. Siku hizi likizo na uhamisho huombwa pia kwa mfumo wa serikali wa kompyuta, na vijana hudhani mtambo utawatunzia kila kitu. Sisi twasema, na iwepo nakala nyumbani, imefungwa nailoni, kwani mvua ya Rungwe haimheshimu mtu.

Rufaa ikaandikwa kurasa mbili, kwa adabu, bila ya kumtukana mtu, ikapelekwa na kupokelewa zikiwa zimebaki siku tano. Kijana akapewa nakala iliyogongwa mhuri. Kisha ukaja wakati mgumu kuliko wote, wa kungoja. Miezi ikapita. Mwalimu aliyezoea chaki akawa anachuma chai Katumba na kulima viazi vya watu, na mkwewe akimtetea mbele ya majirani waliosema kuwa mtu hafukuzwi bure.

Katika miezi ile nasi tulipatwa na letu. Mzazi mmoja alitushtaki kwa kamati ya madrasa kwamba tulimpiga mwanawe kupita kiasi. Tuliposikia tulikasirika, tukataka kukataa kwenda. Kisha tukamkumbuka yule kijana na hati aliyokataa kuijibu, tukaenda, tukaketi, tukasikiliza, na kwa hakika mtoto alikuwa na alama mguuni ambayo hatukuidhania. Tukaomba radhi. Tangu siku hiyo fimbo haiko chuoni kwetu.

Tumelisema hilo kwa sababu twataka wazazi nao wajue nafasi yao. Mwalimu akikosana na mwalimu mwenziwe, au na mkuu wake juu ya vipindi na zamu, sulhu ni njema na wazee waweza kuifanya. Lakini yako mambo yasiyo na sulhu. Tumewahi kusikia mtu akitaka habari ya binti wa shule aliyepewa mimba imalizwe nyumbani kwa ng'ombe, ili "mwenzetu asipoteze kazi." Huko si kusuluhisha, ni kuuza. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na pa kulipeleka jambo hilo ni polisi, siku ile ile. Na mzazi mwenye lawama nyingine juu ya mwalimu asiende kumtukana mbele ya watoto. Aandike kwa mkuu wa shule, na asiposikilizwa kwa afisa elimu, aweke na nakala yake, kama tulivyomwambia mwalimu aweke yake.

Jibu la rufaa lilikuja siku ya Ijumaa. Mama yule alikuja nalo mbio hata kabla hatujavua kanzu ya sala. Tume haikusema kuwa kijana hana kosa. Ilisema kwamba hakupewa nafasi ya kutosha ya kusikilizwa, hivyo uamuzi wa kumfukuza umefutwa, arudi kazini, na shauri lianze upya. Mama akauliza, "Sasa Maalim, tumeshinda au tumeshindwa?" Tukamwambia kuwa mkwewe sasa atasikilizwa.

Aliondoka Jumatatu alfajiri kwa gari la kwanza, mzee Mmoraviani na sisi tukimsindikiza stendi chini ya mwavuli mmoja. Katika mkoba alikuwa na kadi ya kliniki, tikiti, ule ujumbe wa simu uliochapishwa kwenye karatasi, na majibu ya mashtaka aliyoyaandika safari hii kwa utulivu. Mtoto wake ameanza kusimama dede. Hukumu ya mara ya pili, mpaka tunapoandika haya, haijatoka.