Vuta n'kuvute: ukishaona filamu, kitabu usikiache

Wasikilizaji, je, aliyeitazama filamu ya Vuta N'kuvute ana haja tena ya kusoma kitabu? Tunasema anayo. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mtu mzima, akamkimbia na kupokewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Inampitisha Mombasa na kwenye ndoa nyingine. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, kwa takriban dakika 90, inashika zaidi mapenzi ya Yasmin na Denge, mpinga ukoloni. Mitaa na taarabu utaviona na kuvisikia. Lakini wanafunzi, mtihani wa fasihi unauliza riwaya: tazameni filamu, jibuni kwa kitabu.