Je, Wajua? Mtoto Aliyekosea Jina Lake

Hesabu kubwa kapata, jina kakosa
Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliwasimulia madaktari wenzake habari za kijana wa miaka 14 aliyezidisha 749 kwa 867 upesi na kupata. Lakini jina lake, Percy, aliliandika “Precy”, wala hakuona kosa. Mwalimu wake alisema lau masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyu angekuwa kinara wa shule. Hiyo ndiyo disleksia, ugumu wa kusoma na kuandika: akili yaweza kuwa kali kama wembe, maandishi yakawa magumu kama jiwe.

Dawati zima darasani
Wataalamu wengi hukadiria kwamba watu 5 hadi 10 katika kila 100 wana disleksia. Chukua darasa la wanafunzi 60, wanaokaa watatu watatu: hao ni dawati moja au mawili yaliyojaa. Huenda mmoja wao ndiye yule anayeitwa mvivu kila siku.

b na d zisikutishe mapema
Karibu kila mtoto anayejifunza kuandika hugeuza herufi, na mpaka miaka 7 hivi si jambo la ajabu. Wengi hudhani disleksia ni ugonjwa wa macho. Kumbe kwa walio wengi ugumu uko kwenye ubongo kuzichambua sauti za neno. Mtoto apimwe macho na masikio, naam, lakini akionekana mzima na kusoma bado hakuendi, usiishie hapo.

Kinyume kina siri yake
Unakumbuka kinyume, ile lugha ya kuwaficha wakubwa? Nyama ikawa “manya”, kalamu ikawa “mukala”. Kukisema lazima ukate neno silabi kwa silabi na kulipanga upya hapo hapo, na kazi hiyo ndiyo humlemea mtoto mwenye disleksia. Mwaka 1983 watafiti Bradley na Bryant wa Oxford walieleza jinsi walivyowapima watoto karibu 400 wa miaka 4 na 5, wasiojua kusoma bado. Waliotatizika kutambua neno lisilo na kina sawa na wenzake ndio, kwa kawaida, walioachwa nyuma katika kusoma miaka kadhaa baadaye.

Kiswahili humficha
Kiingereza kina njia zaidi ya 1,000 za kuandika sauti zake zipatazo 40. Kiitaliano kina 33 tu kwa sauti 25. Kiswahili kinakaa na Kiitaliano: a ni a, leo na kesho. Basi mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma kila neno sawasawa, ila kwa mwendo wa kobe: “ma… chu… ngwa”. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Kwa hiyo usihesabu makosa peke yake. Tazama na saa.

Mjomba na miwani yake
Mzazi akiwa na disleksia, uwezekano wa mtoto kuwa nayo ni kati ya 30 na 50 kwa 100. Kwa hiyo mtoto akichelewa kuongea, au akivuruga mpangilio wa siku za wiki wakati wenzake wameshaushika, chungulia na ukoo. Pengine yupo mjomba ambaye kila barua ikija huwa amesahau miwani.

Wa kwanza jimboni
Jacques Dubochet wa Uswisi aliandika katika wasifu wake, kwa mzaha, kwamba mwaka 1955 ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kutambuliwa rasmi kuwa na disleksia katika jimbo la Vaud. Alikuwa na miaka 12 au 13. Faida zake? Kwanza, ruhusa ya kufanya vibaya katika kila somo; pili, kuwaelewa wanaopata shida. Mwaka 2017 alitunukiwa Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili.