Kilomita 217 kwenye theluji na mzee wako: Utathubutu kumwambia amechoka?

Kwa wengi wetu, mara ya mwisho kukimbia na mzazi ni siku ile mathe alipotufukuza na kiatu mkononi. Tangu hapo kila mtu ameshika njia yake. Wewe uko gym na mbogi yako, mzee yuko kwenye kiti chake na redio.

Lakini kuna wazazi na watoto, watu wazima wote, wanaojiandikisha pamoja kwa ultramarathoni za porini. Na wapo wanaochagua zile za msimu wa baridi kali, wakati njia yote imefunikwa na theluji. Ukizichunguza mbio hizi, utagundua kwamba mtihani mkubwa hauko miguuni. Uko hapa: mzee akianza kulemewa, nani atamwambia?

Tuchukue Arrowhead 135, mbio za kila mwisho wa Januari katika jimbo la Minnesota, Marekani. Minnesota si jina geni kwetu. Wakenya wengi wamehamia huko, na huenda una shangazi anayekupigia simu kulalamikia baridi ya Minneapolis. Basi mwambie shangazi kwamba mbio hizi huanzia kaskazini zaidi yake, mji wa International Falls ulio mpakani na Canada. Mji huo umejipa jina la "Sanduku la Barafu la Taifa." Usiku wa Januari huko, nyuzijoto 30 chini ya sifuri si habari ya kushtua mtu.

Hiyo 135 ni maili, yaani kilomita 217. Ni kama kutoka Nairobi hadi Nakuru, kisha uendelee kilomita 50 na ushei. Ni marathoni tano mfululizo, na ukizimaliza bado una kilomita sita mbele yako. Wengine huendesha baiskeli za matairi manene, wengine huteleza kwa ski, na wengine hutumia miguu yao tu. Wote hupewa saa 60, siku mbili na nusu.

Mwenda pole hajikwai

Sasa piga hesabu. Kilomita 217 ukigawa kwa saa 60 unapata kilomita 3.6 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetoka steji jioni akiwa na unga na sukuma mkononi! Ni kweli ndani ya saa hizo kuna kula, kubadilisha soksi na kulala kidogo, kwa hivyo ukiwa njiani lazima uende kasi kuliko hapo. Hata hivyo, wa miguu hutembea sehemu kubwa ya safari, huku wakikokota sleji, kijigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji.

Ndani ya sleji kuna mzigo ambao sheria zinakulazimisha kubeba: mfuko wa kulalia unaohimili baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri, jiko dogo na mafuta yake, taa, na chakula cha akiba cha kalori 3,000 ambacho bado uwe nacho ukifika mwisho. Shingoni unavaa filimbi. Mdomo ukifa ganzi hutaweza kupiga mayowe, lakini filimbi utaipuliza.

Hapa ndipo mzee anapokuwa na nafasi. Kijana wa miaka 25 huanza kwa fujo, anakata upepo, na baada ya saa mbili fulana imelowa jasho. Nairobi jasho ni kawaida tu. Kwenye baridi hiyo, nguo iliyolowa huanza kukunyonya joto mara tu unapopunguza mwendo. Wazoefu hufungua zipu na kuvua koti kabla jasho halijatoka. Chupa ya maji huwekwa ndani ya koti, au hugeuzwa kifuniko chini, kwa sababu barafu huanzia juu. Chokoleti nayo huwa ngumu kama jiwe, hivyo huwekwa karibu na mwili ndipo iweze kutafunika.

Kazi hizi zinataka subira zaidi ya misuli. Mwaka 2019, Jasmin Paris wa Uingereza alikuwa na miaka 35 na mtoto anayenyonya aliposhinda Spine Race, mbio za Januari za kilomita 431 kule Uingereza. Alikamua maziwa kwenye vituo vya njiani, akamaliza kwa saa 83 na dakika 12, na kuivunja rekodi ya njia hiyo kwa saa 12. Aliwaacha wanaume wote nyuma. Kwa hivyo usidhani mzazi wako ndiye atakayekuwa mzigo.

"Niko sawa"

Hatari yenyewe huja usiku. Mwili ukipoteza joto kupita kiasi, akili huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kulegea. Mtu anatetemeka, anajikwaa, anaanza kuongea kama aliyelewa. Kutetemeka kukikoma na bado hajapata joto, hali imekuwa mbaya zaidi. Ubaya ni kwamba mwenyewe hajui. Ukimuuliza atakujibu, "Niko sawa, twende."

Na nani bingwa wa kusema "niko sawa" kuliko mzazi wa Kenya? Hawa ni watu waliotuambia wameshiba ili sisi tule. Isitoshe, umri unapoongezeka mwili huchelewa kuhisi baridi na kujikinga nayo. Mzee anaweza kuwa anaganda huku anakuhimiza usonge mbele.

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye theluji, mkuu naye lazima asikie la mdogo. Na si mzee tu. Nawe usiku wa pili, baada ya kukosa usingizi, unaweza kuona miti ikigeuka watu, na ni yeye atakayekushika mkono na kukwambia hakuna mtu pale.

Kuna jambo lingine linalouma. Mkienda pamoja, mnaenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Aliye na kasi akipunguza, mwili wake hautengenezi joto la kutosha, naye anaanza kuganda. Kumsubiri mtu kwa dakika kumi, umesimama tu, si hisani ndogo. Vituo vyenyewe ni vichache, na kwa mtu wa miguu kutoka kimoja hadi kingine kunaweza kuchukua zaidi ya saa kumi.

Ndiyo maana makubaliano hufanywa mapema, mkiwa bado na joto mwilini. Mmoja akishindwa, mwingine ataendelea au wote watajitoa? Nani ana neno la mwisho kuhusu kusimama? Ukiniambia nile, nivae koti au niingie kwenye mfuko wa kulalia, nitatii bila ubishi? Jibu la swali la kwanza ndilo gumu. Binti anaweza kutaka medali aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima, na baba anaweza kukataa kuwa sababu ya yeye kuikosa. Wote wana haki. Bora mgombane mezani kuliko porini usiku wa manane.

Anzeni na Ngong

Huhitaji viza ya Marekani kujaribu haya. Mpeleke mzee Karura Jumamosi, mwezi ujao vilima vya Ngong, na mkiwa fiti, Mlima Kenya. Kilele cha Point Lenana kiko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na wapandaji huanza safari ya mwisho usiku, kwenye baridi ya kugandisha maji. Waelekezaji hurudia neno moja tu: polepole. Mmoja akiumwa kichwa na kuanza kuyumba, huteremshwa akiwa na mwenzake, hata kama kilele kinaonekana.

Kuna faida nyingine ya kutembea na mzazi. Sebuleni mnaangaliana macho, na swali lolote linageuka kesi. Njiani mnaangalia mbele, na baada ya saa tatu hata baba asiyeongea huanza kusimulia alivyokuja mjini na alivyolala kwa nani.

Akifika hapo, sikiliza. Ila endelea kumwangalia hatua zake, na ukiona amejikwaa mara ya pili, mwambie: "Baba, tuketi kidogo." Akisema yuko sawa, mwambie tena.