Binti Naye Atibiwe

Ndugu zetu Waislamu, hapa kwetu Gando twaona jambo la kusikitisha. Mtoto mwanamume akitopea katika unga wa heroini, wazee huchanga nauli, akapelekwa Unguja kutibiwa. Na akirejea hupokewa kwa furaha. Lakini binti akipatwa na balaa hilo hilo, hufichwa chumbani au hufukuzwa, ikasemwa ameiaibisha nyumba.

Uharamu ni mmoja: Suratul Maida, aya ya 90, iliyokataza ulevi, haikubagua mume na mke. Na maradhi ni mamoja. Dawa ya methadoni, inywewayo kila siku mbele ya tabibu, ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kisha Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015. Huituliza arosto ya mke kama ya mume. Lakini wanawake waifuatao ni wachache, kwa kuchelea midomo ya watu.

Nasi waalimu tuna lawama: tumewaombea vijana hadharani, dada zao tukawanyamazia. Enyi wazazi, Mola hakumfungia mwanamke mlango wa toba. Mbona basi sisi twamfungia mlango wa hospitali?