Mkata Magogo wa Usiku

Mama mmoja wa Langoni alitujia baada ya Laasiri: mwanawe haamki Alfajiri, na juzuu ya Amma aliyoihifadhi yamponyoka. Tukamwita kijana, tukamwomba atuonyeshe kinachomkesha. Ni RuneScape, mchezo wa intaneti uliotoka Uingereza mwaka 2001. Mhusika wake hukata miti, gogo baada ya gogo, na kila gogo humwongezea alama hadi apande daraja. Daraja ya 99 yataka alama zaidi ya milioni 13. Ajabu ni kwamba aliyefika ya 92 yuko nusu ya safari tu!

Hatukuona uvivu hapo. Tuliona subira ile ile tunayoitafuta chuoni.

Tukamuuliza: "Mwanetu, ukiacha mwaka mzima, mhusika huyu atasahau kukata?"

Akacheka. "La, shekhe. Daraja haishuki."

"Na sura ulizohifadhi?"

Akanyamaza.

Mama tulimsihi asiivunje simu, bali ailaze chumbani mwake kuanzia saa nne usiku. Kijana naye atasoma nasi aya tano kila baada ya Alfajiri. Jana alikuja, macho mekundu, akaanza na Annabaa.