Fahamu: Kwa nini barabara za kaskazini mwa Mlima Meru huharibika upesi

Kusini mwa Mlima Meru, mkoani Arusha, ni migomba na kahawa. Kaskazini, kuelekea Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, ni ukame na vumbi. Hata huko, adui mkubwa wa barabara ni maji. Udongo wa majivu ya volkano haushikamani: mvua ikipiga huku mtaro umeziba, maji hukata njia na kuacha korongo.

Barabara ikiharibika, nyanya za Ngarenanyuki, zinazolimwa kwa umwagiliaji, hupondeka ndani ya matenga kabla ya kufika Arusha. Mjamzito naye hupakiwa kwenye bodaboda kwa kuwa gari halipiti.

Tangu 2017 barabara za vijijini zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mitaro ikizibuliwa kabla ya masika, majembe yanatosha. Ikiachwa, litahitajika greda na malori ya kifusi. Fedha za matengenezo zianzie kwenye mitaro.